Uzi wa kwanza tuliuacha ukufe. Wa pili, hapana!

Ndugu vijana wa Goma, Bukavu, Bunia, Lubumbashi na kwingineko,

Wengi wetu hatujashika telefone ya uzi hata siku moja. Wakati wa Zaire ilikuwa ya ofisi, ya mukubwa na ya mutu mwenye franga. Uzi ukikatika, unangoja. Nyuzi za shaba ziliibiwa, vituo vikaharibika, hakuna aliyekuja kutengeneza. OCPT, ofisi ya serikali ya posta na telefone, ilizimika pole pole na wakubwa wanaangalia.

Kwa hiyo tusidanganyane: telefone ya mukononi haikuiba wateja wa serikali. Iliwakuta wamekwisha kuachwa. Telecel ilianza Kinshasa katika miaka ya 1980, kwa matajiri tu. Kisha 2000 kampuni zingine zikaingia, inite zikauzwa kidogo kidogo, na mama muuza samaki naye akaanza kuita watu wake. Hiyo ni faida. Hatulilii uzi wa zamani.

Tunachokataa ni hiki: tulihama kama raia, tukafika kama wateja tu. Mwisho wa 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima karibu siku 20. Mwaka 2020 wakatuletea RAM: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ya 2G, dola 7 kwa ile ya 3G ao 4G, zinakatwa moja kwa moja ndani ya inite zetu. Raia walipiga kelele, na 2022 RAM ikaondolewa. Basi kelele ina matunda.

Na sasa uzi umerudi. Antene inaongea na telefone yako hewani, ni kweli, lakini kutoka muji mumoja kwenda mwingine, na kwenda ngambo, sehemu kubwa ya maneno yetu inapita ndani ya fibre optike. Kabuli ya baharini WACS iliingia inchini kupitia Muanda mwaka 2013. Aliyepewa mulango ule? SCPT, mutoto wa OCPT ile ile!

Njo maana tunadai:

– SCPT itangaze hesabu zake mbele ya raia, na wafanyakazi wake walipwe;

– ARPTC, yenye kazi ya kuangalia kampuni za telefone, ilazimishe bei za mega ziwe wazi, mutu ajue anachokatwa na sababu yake;

– mufuko wa huduma kwa wote, unaotajwa na sheria ya 2020, upeleke antene kwenye vijiji ambako kampuni haioni faida;

– hakuna mukubwa atakayekata tena intaneti sababu anaogopa raia.

Uzi wa shaba ulikufa sababu hakuna aliyeuliza maswali. Huu mupya unalipwa na inite zetu kila siku. Tuulize leo, pamoja, bila vurugu na bila kuchoka.