Kabla ya Kuandika Dawa, Iulizwe Kazi

Chukua mfano wa fundi anayechomelea mageti uani kwake. Jumanne asubuhi anafika zahanati akieleza kwamba usiku uliopita alitetemeka kwa baridi, akapandisha homa, viungo vikamuuma, koo likamkauka na mdomoni akahisi ladha kama ya sarafu. Karibu maelezo yote hayo ni maelezo ya malaria, na hapana mhudumu wa kulaumiwa kwa kuifikiria kwanza. Anapimwa, kipimo hakionyeshi vimelea. Hata hivyo anaondoka na dawa mseto, pengine na kiuavijasumu juu yake. Jumatano amepona, na kila mmoja anaamini kuwa dawa ndizo zilizomponya. Hakuna aliyemuuliza Jumatatu alikuwa akichomelea nini.

Swali hilo lingefunua mengi. Mabomba na mabati mengi yanayotengenezewa mageti na matangi hupakwa zinki ili yasishike kutu. Chuma huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538 za Selsiasi, ilhali zinki huchemka mapema zaidi, kwenye nyuzi 907. Hivyo chuma hakijaanza kuyeyuka, zinki imekwisha kuwa mvuke. Mvuke huo ukikutana na hewa hugeuka moshi mweupe wenye chembe ndogo mno, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Baada ya saa 4 hadi 10 hivi, mwili hujibu kwa homa, baridi, kikohozi na maumivu ya misuli. Hali hiyo kwa kawaida hutulia yenyewe ndani ya siku 1 au 2. Mhunzi anayetia kipande cha bomba la namna hiyo katika moto wa mvukuto, au anayeyeyusha koki kuukuu za maji ambazo shaba yake imechanganywa na zinki, anaweza kupatwa na homa hiyo hiyo.

Maradhi haya yana tabia nyingine inayowapoteza watu. Anayeuvuta moshi huo siku baada ya siku huuzoea kwa muda, na homa hupungua kadiri wiki inavyosonga. Akipumzika siku mbili, mazoea hayo hupotea, na anaporejea kazini homa humrudia kwa nguvu. Ndiyo maana katika viwanda vya nchi nyingine ilipewa jina la homa ya Jumatatu. Fundi anayesema kwamba malaria humpata kila mwanzo wa wiki ametoa fununu kubwa, ila fununu haina thamani isipopata msikilizaji.

Hasara ya kutouliza si ndogo. Kwanza, mgonjwa hulipia dawa asizozihitaji, na matumizi hayo ya ovyo huongeza usugu wa vimelea na bakteria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Ushauri huo hupoteza maana pale kipimo kinapokanusha na dawa ikatolewa vilevile. Pili, fundi hurudi kwenye moshi ule ule. Tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, si kila moshi husamehe. Baadhi ya bolti hupakwa kadimiamu badala ya zinki, na baadhi ya risasi za fedha za kuunganishia metali huwa nayo. Moshi wa kadimiamu huanza kwa dalili zile zile za homa nyepesi, lakini baada ya saa kadhaa au siku moja pumzi huanza kubana, mapafu hujaa maji, na mgonjwa anaweza kufa. Mhudumu asiyeijua kazi ya mgonjwa hana namna ya kuishuku hatari hiyo mapema.

Jambo hili si geni katika utabibu. Mwaka 1700, Bernardino Ramazzini, tabibu wa Modena nchini Italia, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Humo aliwashauri matabibu waongeze swali moja juu ya yale waliyorithi kwa Hippokrati: mgonjwa anafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 imepita, na bado katika kadi nyingi neno la kazi, kama lipo, hujazwa kwa sababu ya takwimu tu, wala halitumiwi katika uchunguzi.

Yapo mapingamizi ya haki. Foleni ni ndefu, na mhudumu mmoja hubeba mzigo wa watatu. Lakini swali hili halihitaji mashine wala kitendanishi, na jibu lake hupatikana kabla karatasi ya kipimo haijakauka. Pingamizi jingine ni la hofu, kwamba huenda kila homa ya fundi ikasingiziwa moshi. Hofu hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni utaratibu. Kipimo cha malaria kitangulie daima. Kikionyesha vimelea, mgonjwa atibiwe. Visababishi vingine vya homa vitafutwe kwa makini. Homa isiyoisha baada ya siku 2, au pumzi inayozidi kubana, ipelekwe hospitali bila kungoja.

Karakana ya nyumbani ina shida yake ya pekee. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, lakini si rahisi mkaguzi kufika katika kila ua. Hapo hapo panapochomelewa ndipo panapopikwa na ndipo watoto wanapocheza. Mtoto anayetazama cheche huweza kuamka usiku akilia kwamba macho yana mchanga, kwa kuwa mwanga wa kuchomelea huunguza uso wa jicho na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Miwani ya jua haitoshi kuuzuia. Zahanati imchunguze kama ana kipande cha chuma jichoni, impe dawa ya kutuliza maumivu na mafuta ya macho, wala isimpe matone ya ganzi ya kwenda nayo nyumbani, kwani hayo huchelewesha jicho kupona.

Kwa fundi mwenyewe, mengi ya kujikinga hayahitaji fedha nyingi. Zinki iondolewe kwa msasa au grainda sentimita kadhaa kila upande wa mahali pa kuungia, pua ikiwa imekingwa na vumbi. Kazi ifanyike nje, upepo ukitokea ubavuni, kichwa kikiwa kando ya moshi. Chuma kisichojulikana asili yake kisitiwe motoni. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi huu. Nayo maziwa, ambayo mafundi wengi huyanywa kwa imani kwamba husafisha kifua, ni chakula chema tu: huingia tumboni, na moshi uko mapafuni.

Aidha, homa inayopita isimfanye fundi aone kwamba moshi wenyewe hauna madhara. Mwaka 2017 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Vyuo vinavyofundisha matabibu na wauguzi vilifanye swali la kazi kuwa sehemu ya kila historia ya mgonjwa wa homa, kikohozi au macho. Na fundi asingoje kuulizwa: akikaa mbele ya mhudumu aseme anafanya kazi gani, jana alichomelea nini, na moshi wake ulikuwa wa rangi gani.