Asili ya jina "Nazi" na walowezi wa Nyanda za Juu Kusini

Jina Nazi, ambalo halihusiani hata kidogo na tunda la mnazi, ni ufupisho wa Nationalsozialist, yaani mfuasi wa kile kilichoitwa ujamaa wa kitaifa, na limefuata mfano wa Sozi, jina la mkato ambalo Wajerumani walikuwa wamezoea kuwaitia wasoshalisti. Hata hivyo, kabla ya chama cha Hitler kujipa jina lake mwaka 1920, Nazi ilikuwa tayari inatumika Bavaria na Austria kama kifupi cha Ignaz, jina la ubatizo lililoenea miongoni mwa Wakatoliki, nayo ikabeba dhihaka ya mshamba mzito wa akili. Ndiyo maana wapinzani walilishika kwa furaha, ilhali wanachama wenyewe kwa kawaida walilikwepa.

Kwa msomaji wa Tukuyu, jambo hili si la Ulaya pekee, kwani mji huo, ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, umo katika Nyanda za Juu Kusini, ambako walowezi wa Kijerumani walianza kurejea baada ya Waingereza kuwaruhusu mwaka 1925, na katika miaka ya 1930 chama cha Hitler kilijipatia wafuasi miongoni mwa Wajerumani wa Tanganyika, waliotamani koloni lirudishwe Berlin. Vita vilipozuka Septemba 1939, serikali ya Kiingereza iliwatia Wajerumani wengi kizuizini, wakiwamo wamisionari, ingawa si kila Mjerumani alikuwa mwanachama.