Santuri Si Hakimu wa Jukwaa

Miongoni mwa mashabiki wa roki kuna imani iliyoota mizizi hata ni nadra kuhojiwa. Inasema kwamba mwanamuziki mkongwe akipanda jukwaani kupiga nyimbo za ujana wake, wajibu wake ni kuzipiga kama zinavyosikika kwenye santuri. Akigeuza mdundo, akishusha ufunguo au akiimba kwa mahadhi mengine, huambiwa amechoka, ana dharau, au amewasahau waliomlea. Imani hiyo imesimama juu ya makosa matatu: haijui santuri ni kitu gani, haijui mwili wa mwimbaji unavyofanya kazi, na haijui mnunuzi wa tiketi amenunua nini. Mtu aliyelaumiwa zaidi kwa sababu yake ni Bob Dylan, na kesi yake inatosha kuonyesha udhaifu wa mashtaka yenyewe.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba santuri ndiyo wimbo. Albamu ya nne ya Dylan, Another Side of Bob Dylan, ilirekodiwa katika kikao kimoja jijini New York tarehe 9 Juni 1964. Katika kikao hichohicho Dylan alijaribu pia "Mr. Tambourine Man". Jaribio hilo likawekwa kando, na wimbo ukarekodiwa upya Januari 1965 kwa ajili ya albamu ya Bringing It All Back Home. Kama jaribio la Juni lingeuzwa madukani, mashabiki leo wangelitetea kwa ukali uleule wanaolitetea lile la Januari, na kuliita halisi.

"Tangled Up in Blue" unaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Dylan aliurekodi New York mnamo Septemba 1974, hakuridhika, akaurekodi tena Minneapolis mwezi Desemba pamoja na nyimbo nyingine nne za albamu ya Blood on the Tracks, iliyotoka Januari 1975. Baadaye aliendelea kubadilisha maneno yake jukwaani, na toleo lenye beti tofauti likaingia katika albamu ya maonyesho ya Real Live ya mwaka 1984. Anayemtaka Dylan auimbe wimbo huo kama ulivyo anapaswa kwanza kutaja ni upi: wa Septemba, wa Desemba au wa 1984. Methali ya mwacha asili ni mtumwa haina la kumsaidia hapa, kwa kuwa asili yenyewe ni tatu, na mwenye wimbo hajaizuia ya nne isizaliwe.

Wapo watunzi wanaofundishwa nyimbo zao na wengine. Dylan alitoa "All Along the Watchtower" mwishoni mwa 1967, ukiwa mtulivu, wa gitaa kavu na harmonika. Mwaka uliofuata Jimi Hendrix aliutoa kwa kishindo cha gitaa la umeme. Dylan aliporudi katika ziara kubwa mwaka 1974 alianza kuupiga kwa namna iliyokaribia ile ya Hendrix, na kwa miaka iliyofuata ukawa wimbo alioupiga jukwaani kuliko wowote, zaidi ya mara 2,000. Mtunzi mwenyewe alikuwa tayari kuiacha santuri yake nyuma. Ni vigumu kuona msikilizaji anapata wapi mamlaka ya kumrudisha huko.

Mashtaka ya uzee nayo yanavunjwa na kalenda. Tarehe 17 Mei 1966 Dylan alikuwa Manchester, Uingereza, katika ukumbi wa Free Trade Hall, akiwa bado hajatimiza miaka 25. Nusu ya kwanza ya onyesho aliimba peke yake kwa gitaa na harmonika, na nusu ya pili akapiga na bendi ya umeme. Kati ya nyimbo za nusu ya pili ulikuwemo "I Don't Believe You", ambao kwenye albamu ya 1964 ni wa mtu mmoja na gitaa lake. Kabla ya kuuanza aliwaeleza watu kwamba zamani ulikwenda vile na sasa unakwenda hivi. "Zamani" hiyo haikuwa imefika miaka miwili. Onyesho lilipokaribia kwisha, mtu mmoja ukumbini alimwita Yuda.

Basi tabia hii haikuanza sauti ilipokwisha. Ilikuwepo tangu sauti ikiwa mpya, na lawama zilikuwepo pamoja nayo. Kanda ya onyesho hilo ilitolewa rasmi mwaka 1998 na ikapokewa kama moja ya rekodi bora za maonyesho ya roki. Vurugu ya 1966 ikawa hazina ya 1998, na leo wapo wanaotamani Dylan apige kama alivyopiga Manchester, yaani wanadai uaminifu kwa usiku ule ambao mashabiki walimzomea kwa kukosa uaminifu.

Kosa la pili linahusu mwili. Nyuzi za sauti ni misuli na tishu laini zinazotetemeka hewa inapopita. Kadiri miaka inavyosogea, misuli hiyo hupungua unene, tishu hupoteza unyumbufu, gegedu za koromeo hukakamaa, na mapafu hayasukumi tena hewa kwa nguvu ya awali. Mwimbaji hupoteza noti za juu, hushindwa kushikilia noti ndefu, na sauti huingia mkwaruzo. Wimbo uliotungwa kwa koo la miaka 22 hauwezi kutoka vilevile katika koo la miaka 80, hata mwenye koo afanye mazoezi kiasi gani.

Mbele ya ukweli huo, mkongwe ana njia tatu. Anaweza kujilazimisha kufikia noti asizozifikia, na ukumbi mzima ukasikia anashindwa. Anaweza kujificha nyuma ya waitikiaji wengi au sauti zilizorekodiwa kabla, na watu wakalipa kusikiliza mashine. Au anaweza kuufumua wimbo na kuushona upya kwa kipimo cha sauti aliyobaki nayo. Imani inayopigwa vita hapa inasifu njia mbili za kwanza, kwa kuwa zinafanana na santuri, na kuilaani ya tatu, ambayo peke yake ni ya kweli.

Robert Plant, mwimbaji wa Led Zeppelin, alikuwa na miaka 23 "Black Dog" wa kundi hilo ulipotoka mwaka 1971, wimbo wa ukelele wa juu na gitaa zito. Alipofanya ziara na Alison Krauss mwaka 2008 aliuimba taratibu, kwa sauti ya chini, bendi ikiwa na banjo. Dylan naye, mwaka alipotimiza miaka 80, alitoa filamu ya Shadow Kingdom, ambayo jina lake la pili linasema wazi kwamba ni nyimbo zake za awali. Hakuweka ngoma kabisa. Magitaa, besi na akodioni viliachia nafasi, na ndani ya nafasi hiyo maneno ya ujana yalisikika yakitamkwa na mzee, moja baada ya jingine, bila kukimbizana na mdundo.

Umma wenyewe, ukiachiwa, huyapenda mabadiliko hayo. Eric Clapton alitoa "Layla" mwaka 1970 akiwa na kundi la Derek and the Dominos, wimbo wa kasi na wa magitaa yanayolia. Mwaka 1992 aliupiga taratibu, akiwa ameketi, kwa magitaa yasiyo ya umeme, mbele ya kamera za MTV. Toleo hilo la pili lilipewa tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa roki mwaka 1993, na wengi waliufahamu wimbo kupitia hilo kabla ya kulisikia la kwanza.

Kosa la tatu ni la kibiashara, na ndilo lenye hoja nzito. Tiketi za maonyesho makubwa ni ghali. Mtu amejinyima, amesafiri, na wimbo fulani umefungamana na ndoa yake au msiba wake. Kwa nini asipewe alichokijia? Ni kweli kwamba ana haki ya kupata bendi iliyojiandaa, sauti inayosikika vizuri na mwanamuziki anayejituma. Lakini mlio wa santuri alikwisha kuununua, naye anaweza kuusikiliza nyumbani wakati wowote kwa gharama ndogo. Akitaka kuusikia ndani ya ukumbi, teknolojia imekwisha kumhudumia: tangu Mei 2022 onyesho la ABBA Voyage jijini London linaonyesha taswira za kidijitali za waimbaji wa kundi la ABBA wakiwa na sura za miaka ya 1970, pamoja na sauti zao za zamani. Ni burudani halali, na haidai jambo jingine. Kumtaka mtu aliye hai afanye kazi hiyohiyo ni kumlipa kwa kutokuwepo.

Tena zipo nyimbo ambazo kuzifuata neno kwa neno ndiko kuzisaliti. Nick Mason, mpigangoma wa Pink Floyd, tangu 2018 anaongoza kundi jingine linalopiga nyimbo za Pink Floyd za kabla ya 1973. Mmojawapo ni "Interstellar Overdrive" wa mwaka 1967, ambao katika klabu ya UFO jijini London ulikuwa ukirefushwa na kubuniwa papo kwa papo. Kilichoingia kwenye albamu ni kipande cha mwenendo huo. Kuukariri sekunde kwa sekunde ni kuigeuza ajali ya studio kuwa sheria.

Madhara ya imani hii yanaonekana katika maisha ya wasanii. Katika kumbukumbu zake za mwaka 2004, Dylan alieleza jinsi kufikia 1987 nyimbo zake za zamani zilivyokuwa zimemgeukia kuwa ngeni, akizipiga bila kuzigusa. Alichokitafuta kilikuwa namna nyingine ya kuziimba. Juni 1988 alianza ziara huko California ambayo iligeuka kuwa miongo ya maonyesho. Kuzibadilisha nyimbo ndiko kulikomwezesha kubaki nazo.

Haya hayamfanyi kila anayebadilisha kuwa amefanikiwa. Dylan amekuwa na maonyesho ambayo maneno yalimezwa na bendi ikapapasa, na lawama za usiku kama huo ni za haki. Ila zitolewe kwa vigezo vinavyohusika: maneno yanasikika au hayasikiki, wanabendi wanasikilizana au kila mmoja yuko safari yake, mahadhi mapya yanafungua maana au yanaiziba. Mkongwe anayeshindwa katika hayo ameshindwa hata kama amefanana na santuri, na anayefaulu amefaulu hata kama wimbo umetambulika kwenye ubeti wa pili.