Kikohozi Kisichokuwa TB

Kutoka Barazani, na Shabani Mkwizu

Saa kumi na moja alfajiri mama lishe yuko bandani kwake anahangaika na moto. Mkaa umelowa mvua ya usiku. Anaupepea kwa mfuniko wa sufuria, anainama, anapuliza, anageuka pembeni kukohoa, anarudi kupuliza. Abiria wa daladala za kwanza wanataka chai. Ukimuuliza habari ya hicho kikohozi atasema ni vumbi, au baridi, au kwamba wameshazoeana.

Paa la banda linasema zaidi. Mabati yamekuwa meusi tii na masizi yananing'inia kama utando wa buibui. Moshi uliopaka bati ndio huo huo anaouvuta kila siku, na mapafu hayafagiliwi sikukuu ikikaribia.

Watanzania wamefundishwa vizuri jambo moja kuhusu kifua: ukikohoa wiki mbili, kapime TB. Elimu hiyo imeokoa wengi, na matibabu ya TB ni bure. Tatizo huanza majibu yakionyesha kuwa mgonjwa hana TB. Hushukuru Mungu, hupewa chupa ya dawa ya kikohozi na antibayotiki, kisha hurudi kwenye moshi. Baada ya miezi mitatu yuko tena kwenye foleni. Huenda ana pumu. Huenda ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao wengi hudhani ni wa wavuta sigara peke yao. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO), ugonjwa huo uliua watu wapatao milioni 3.5 mwaka 2021 na kushika nafasi ya nne kwa kuua duniani. Hata aliyepona TB anaweza kubaki na makovu kwenye mapafu yatakayombania pumzi miaka yote.

Kuutambua ugonjwa wa kuziba njia za hewa hakuhitaji mtambo wa ajabu. Kuna spirometa za kushika mkononi. Mgonjwa anajaza kifua hewa, anapuliza kwa nguvu zote mpaka imwishie, na kifaa kinapima sehemu iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Ikiwa chini ya asilimia 70 ya hewa yote, hata baada ya kuvuta dawa ya kutanua njia za hewa, daktari ameshapata pa kuanzia. Kipimo cha presha kimefika mpaka zahanati za vijijini. Cha pumzi, mgonjwa hupewa rufaa akakitafute mjini, nauli juu yake.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Ni hatua kubwa, tena ya kujivunia. Ila zisikilizwe hotuba za majukwaani: misitu, misitu, kisha mitungi ya gesi inagawiwa na picha zinapigwa. (Gesi ikiisha na hela ya kujaza ikakosekana, mtungi hugeuka kigoda.) Mapafu hutajwa kwa kupita, kama mgeni asiyealikwa. Wizara ya Afya ingepaswa kukaa mstari wa mbele katika shughuli hii, na katika kila mgao wa mitungi awepo mhudumu mwenye spirometa, kwa kuwa wanaokuja kuchukua jiko jipya ndio waliokaa miaka kwenye moshi wa lile la zamani.

Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu afya ya mapafu. Azimio halina fungu. Bajeti ndiyo yenye fungu, na humo ndimo mwa kuitafuta pampu ya kuvuta dawa ya kifua. Wagonjwa wengi wa pumu wanaijua ile ya buluu tu, ya kutuliza kifua kikishabana. Ile ya kuzuia, inayovutwa kila siku hata mtu akijisikia mzima, ni wachache wanaoandikiwa, na wachache zaidi wanaoimudu.

Mama lishe hana hata moja. Kwenye daftari la zahanati yake ameandikwa mara nne mwaka huu, na mara zote nne ugonjwa wake ni neno lile lile: kikohozi.