Tundu liko mwanzoni, kiraka kimewekwa mwishoni

Leo hakuna Java wala PHP. Leo nina hasira ya besiboli, na nimeibeba tangu Julai 2025. Wale mnaopita hapa kwa ajili ya programu msikimbie. Mkivumilia mtaona kwamba kidonda ni kile kile tunachokikwaruza kazini kila wiki.

Mimi ni shabiki wa New York Mets. Ndiyo, niko Nairobi. Mchezo unaoanza saa moja na dakika kumi jioni kule New York, kwetu huku ni saa nane na dakika kumi usiku. Kwa hivyo nikisema timu hii imeninyima usingizi, sitii chumvi.

Hoja yangu ni hii: Mets hawakukosa hatua ya mtoano mwaka 2025 kwa sababu ya pesa. Klabu iliyompa Juan Soto mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 765 haiwezi kulia njaa. Walikosa kwa sababu katikati ya msimu waliona tundu mwanzoni mwa mchezo, wakaenda sokoni, wakarudi na viraka vya kuweka mwishoni.

Hesabu kwanza, matusi baadaye

Kwa asiyeujua mchezo: besiboli ina awamu tisa. Katika kila awamu mrushaji na wenzake wanatakiwa kuwatoa wapigaji watatu wa upande wa pili. Mrushaji wa kuanza hubeba mzigo hadi mkono uchoke, kisha wanaingia warushaji wa kumalizia, kila mmoja kwa awamu moja au zaidi kidogo. Uwezo wa mrushaji hupimwa kwa wastani wa mikimbio anayoruhusu kwa kila awamu tisa, ile inayohesabiwa kuwa mzigo wake mwenyewe. Ukiwa chini ya 3 wewe ni hodari. Ukipita 5, mashabiki wanaanza kukuchangia nauli ya kurudi kwenu.

Msimu una michezo 162. Zidisha kwa tisa: awamu 1,458. Sasa angalia:

1. Warushaji wa kuanza wakifika awamu ya sita kila mchezo, wa kumalizia wanabaki na awamu 486.
2. Wakiishia ya tano, wa kumalizia wanabaki na awamu 648.

Tofauti ni awamu 162. Mrushaji wa kumalizia hurusha kama awamu 60 au 70 kwa msimu mzima. Kwa maneno mengine, awamu moja tu inayokosekana mwanzoni hula nguvu za watu zaidi ya wawili mwishoni. Na hao wawili hawatoki mbinguni. Ni wale wale uliokuwa nao jana, na juzi, na mikono ile ile.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya Mets. Tarehe 12 Juni 2025 walikuwa wameshinda michezo 45 na kupoteza 24, hakuna timu iliyokuwa na rekodi bora kuliko yao. Siku hiyo hiyo Kodai Senga, mrushaji wa kuanza mwenye wastani wa 1.47, aliumia msuli wa paja akikimbilia mpira wa kwenye kituo cha kwanza. Tylor Megill akaumia kiwiko. Griffin Canning akakatika mshipa wa kisigino kabla Juni haijaisha. Frankie Montas na Sean Manaea walikuwa wameanza msimu wakiwa majeruhi. Clay Holmes alikuwa mrushaji wa kumalizia aliyegeuzwa mwaka huo kuwa wa kuanza, kwa hivyo mkono wake ulikuwa ukibeba mzigo ambao haukuuzoea. Kwa wiki nyingi za Julai na Agosti, David Peterson ndiye pekee aliyekuwa akifikisha awamu sita. Wengine wote walikuwa wanashukia njiani kama abiria wasio na nauli kamili.

Mtu yeyote aliyekuwa macho aliona tundu liko wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu ulikuwa unapitisha ngamia.

Walinunua nini?

Dirisha la kubadilishana wachezaji lilifungwa tarehe 31 Julai. Haya ndiyo waliyoleta nyumbani:

- Gregory Soto kutoka Baltimore. Wa kumalizia.
- Tyler Rogers kutoka San Francisco. Wa kumalizia.
- Ryan Helsley kutoka St. Louis. Wa kumalizia.
- Cedric Mullins kutoka Baltimore. Huyu si mrushaji kabisa, anacheza uwanja wa nyuma.

Mrushaji wa kuanza: sifuri.

Helsley si mchezaji wa mchezo. Mwaka 2024 alifunga michezo 49 salama, zaidi ya mtu mwingine yeyote katika ligi kuu. Lakini Mets tayari walikuwa na Edwin Díaz wa awamu ya tisa. Kwa hivyo walimnunua bawabu wa mlango ambao tayari una bawabu, wakamwambia akae kwenye mlango wa nane. Akamaliza na wastani wa 7.20. Mwenyewe alieleza kwamba wapinzani walikuwa wakisoma mapema mpira anaotaka kurusha. Sisi wa tarakilishi tunalielewa hilo: ukiiacha nywila mezani, usishangae mtu akiingia.

Rogers, kwa haki, alifanya kazi yake vizuri sana. Lakini tazama hesabu tena. Baada ya Julai ilibaki michezo 53. Kama mrushaji wa kuanza anakupunja awamu moja kila mchezo, hizo ni awamu 53. Helsley alirusha 20. Rogers kama 27. Jumla 47. Yaani wawili hao, hata kama wote wangekuwa malaika, hawakufidia awamu moja iliyokuwa ikikosekana kila usiku! Hawakuongeza nguvu mpya. Walimwaga maji kwenye ndoo inayovuja, na ndoo ikaendelea kuvuja.

Katika michezo hiyo 53, Mets walishinda 21 tu.

Hii ndiyo tabia yetu sote

Ninaandika haya kwenye ukurasa wa programu kwa sababu nimeiona tabia hii mara nyingi mno. Mfumo unakuwa mzito. Kila mtu anajua kwamba tatizo ni swali moja la hifadhidata linalosoma jedwali zima kila mteja anapobofya. Lakini kulirekebisha kunahitaji mtu akae chini wiki mbili, na hakuna mkubwa atakayeiona kazi hiyo. Kwa hivyo kinanunuliwa nini? Seva kubwa zaidi. Seva inaonekana. Seva ina risiti. Unaweza kusimama mbele ya mkutano ukasema "tumechukua hatua".

Helsley alikuwa seva kubwa zaidi. Ana jina, ana rekodi, na gazeti la kesho litaandika kwamba klabu "imejiimarisha". Soko la Julai halimuulizi mtu tundu liko wapi. Linamuuliza tu, unaogopa nini? Na viongozi wa klabu huogopa zaidi ule ushindi unaoporwa awamu ya nane mbele ya macho ya kila mtu. Ule mzigo uliotupwa mapema, awamu ya tano, hauna picha wala kelele, kwa hivyo hauna wa kuuogopa.

Watetezi wanasema hivi

Nimezisikia hoja za upande wa pili. Nazichukua moja moja.

*"Warushaji wa kuanza walikuwa ghali mno Julai."* Sawa. Kila mwaka ni ghali, kwa sababu kila timu inayowania inawataka. Lakini Rogers peke yake aligharimu watu watatu: José Buttó, Drew Gilbert na Blade Tidwell. Helsley akagharimu vijana wengine watatu. Ukiwa na vijana sita wa kutoa, usiniambie mfuko ulikuwa mtupu.

*"Hakukuwa na mwingine wa kuanza."* Hapa ndipo damu yangu inapochemka. Nolan McLean alikuwa Syracuse, kwenye timu ndogo ya klabu yenyewe, wakati wote huo. Walimpandisha tarehe 16 Agosti, meli ikiwa tayari imejaa maji. Alianza michezo minane, akashinda mitano na kupoteza mmoja, kwa wastani wa 2.06. Dawa ilikuwa kabatini nyumbani, na wao walikuwa wakizunguka maduka ya dawa ya Marekani nzima.

*"Lakini Jonah Tong naye alipandishwa, akapigwa."* Kweli kabisa. Tong alikuwa na wastani wa 1.43 kwenye timu ndogo, na alipofika juu akamaliza na 7.71 katika michezo mitano. Sikatai. Lakini alianza tarehe 29 Agosti, wakati ambapo kila kosa la kijana lilikuwa linahesabiwa kama msumari wa jeneza. Kijana hujifunza kwa kupigwa. Mpe nafasi hiyo mapema, ukiwa bado na akiba ya ushindi, si Septemba ukiwa unahesabu sarafu za mwisho.

Sipingi biashara ya Julai

Mtu asije akasema ninataka timu ikae kama sanamu. Mets wenyewe walituonyesha namna inavyofanywa. Mwaka 2015 walikuwa na Matt Harvey, Jacob deGrom, Noah Syndergaard na Steven Matz. Wote wanne walikomazwa na klabu yenyewe, na deGrom alichaguliwa kwenye raundi ya tisa, mahali ambapo watu wengi huwa wameshaenda kunywa chai. Urushaji ulikuwa imara. Tundu lilikuwa kwenye upigaji. Tarehe 31 Julai 2015 wakamnunua Yoenis Céspedes, mpigaji. Akapiga mipira 17 nje ya uwanja katika michezo 57, na timu ikafika fainali ya World Series, ikashindwa na Kansas City.

Bei yake? Michael Fulmer, kijana aliyekuja kuwa mchezaji chipukizi bora wa American League mwaka 2016. Bei kubwa. Nami silalamiki hata kidogo, kwa sababu walinunua kile kilichokuwa kinakosekana.

Kisha kuna ile ya 2004, ambayo mashabiki wa Mets tunaitaja kwa sauti ya chini kama jina la marehemu. Tarehe 30 Julai mwaka huo walimtoa Scott Kazmir, mrushaji wa miaka 20, wakamchukua Victor Zambrano kutoka Tampa Bay. Mwaka uliotangulia Zambrano ndiye aliyekuwa ameongoza American League kwa kuwapa wapigaji kituo cha kwanza bure. Aliwaanzia Mets michezo mitatu tu msimu huo, na timu ikamaliza na vipigo 91. Kazmir akaja kuongoza American League kwa kuwatoa wapigaji 239 kwa mipira mitatu mwaka 2007, na 2008 akaanza mchezo wa kwanza wa World Series akiwa na jezi ya Tampa Bay. Mwacha mbachao kwa msala upitao... mnajua inavyomalizika.

Na msala wa 2025 ulipita kweli. Msimu ulipokwisha, Helsley akaenda Baltimore, Rogers akaenda Toronto, Mullins akaenda Tampa Bay, Soto yule mrushaji akaenda Pittsburgh. Wote wanne! Vijana waliotolewa nao walikuwa wameshaenda zao.

Pengo la mchezo mmoja

Tarehe 28 Septemba 2025, siku ya mwisho, Mets walikuwa Miami. Walihitaji ushindi, na Cincinnati waliokuwa wakigombea nao nafasi ile ile walipoteza mchezo wao siku hiyo. Mlango ulikuwa wazi. Mets wakafungwa 4 kwa 0. Timu zote mbili zikamaliza na ushindi 83, na Cincinnati ikapita kwa sababu ilikuwa imewashinda Mets mara nyingi zaidi walipokutana.

Mchezo mmoja. Kati ya 162, mmoja. McLean angepandishwa Julai badala ya katikati ya Agosti, angeanza angalau michezo mitatu zaidi. Mniambie ninyi wenyewe kama katika hiyo mitatu usingepatikana mmoja.

Kwa hivyo Julai ikifika tena, na majina makubwa yakianza kutajwa, mimi nitauliza maswali matatu tu. Tundu liko wapi? Huyu anayenunuliwa analiziba? Na je, hakuna kijana wetu mwenyewe anayengoja simu? Kiongozi wa klabu asiyeweza kujibu hayo kwa sentensi moja moja, asiguse simu. Na wewe unayetaka kuagiza seva mpya Jumatatu, hebu kwanza tazama lile swali la hifadhidata.