Mazungumzo ya Mwalimu: Kutoka Maabara hadi Karakana

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, baba mmoja wa hapa Kisangani alinishika mkono mlangoni pa kanisa. Mwanawe amemaliza masomo ya sekondari, naye ataka kuingia Chuo Kikuu asome fizikia. "Mwalimu," akasema, "daktari namjua, mwanasheria namjua. Je, mtu wa fizikia hula nini?" Nilimwomba tukae chini ya mwembe, maana swali lake halikuwa la mzaha. Karo ni ya miaka mingi, na wadogo wa kijana huyo nao wangoja zamu yao.

Nikaanza na jiwe la nchini kwetu. Mwaka 1947, huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walitengeneza transista ya kwanza, chombo kidogo kiwezacho kukuza nguvu ya umeme. Waliitengeneza kwa jemaniamu, kitu kisichopitisha umeme vizuri kama shaba, wala kuuzuia kabisa kama kioo. Ndiyo maana vitu vya namna hiyo vyaitwa vipitishi-nusu. Katika miaka ya 1950 mgodi wa Kipushi, kule Katanga, ulitoa jemaniamu nyingi kuliko migodi mingi ya dunia. Hata mwaka 2024, Gécamines ilipoanza kuitoa katika mabaki ya madini ya Lubumbashi, shehena ya kwanza ilipelekwa Ubelgiji ikasafishwe huko. Jiwe lasafiri, na ujuzi wa kulitumia wakaa ng'ambo.

"Na ujuzi huo hugeukaje kuwa chakula?" akauliza.

Nikamsimulia habari za Gordon Moore. Alipata udaktari wa kemia mwaka 1954 katika chuo cha Caltech, kisha akawa mtafiti katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Siku moja alipiga hesabu: akagawanya gharama ya kazi yao kwa idadi ya maneno ya makala walizochapisha, akaona kila neno lagharimu dola 5 hivi za walipa kodi. Akaona shaka kama watu wapata haki ya fedha zao. (Hesabu hiyo yanipendeza sana, ningetaka sisi walimu tujipimie nayo.) Mwaka 1956 akaenda California kufanya kazi kwa William Shockley, bwana mwenye akili nyingi lakini mgumu kuishi naye. Mwaka uliofuata watafiti wanane, Moore akiwa mmoja wao, walimwacha, wakaanzisha Fairchild Semiconductor. Kila mmoja alitoa dola 500 zake. Mtaji mkubwa ulitoka kwa kampuni iliyotengeneza kamera. Mwaka 1968 Moore na mwenziwe Robert Noyce wakaanzisha Intel, ambayo chipu zake zimo katika kompyuta za dunia nzima.

"Kumbe walimtoroka bwana wao!" akasema baba yule, wala hakufurahi. Nilimjibu kwamba hawakutoroka na mali ya mtu. Waliaga, wakaondoka na yale waliyojifunza kwa mikono yao. Lakini sikumficha kwamba kuacha mshahara wa hakika ni jambo la kutetemesha, hasa kwa mtu mwenye mke nyumbani.

Akatikisa kichwa: hayo ni ya Wamarekani. Ndipo nikamtajia Nyeri, nchini Kenya. Huko, katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, iko kampuni iitwayo Semiconductor Technologies Limited. Mwanzilishi wake ni Mkenya, Anthony Githinji, aliyepata uzoefu wa kazi hizo Marekani. Sikilizeni, enyi wanafunzi: karakana iko ndani ya uwanja wa chuo, kijana aweza kutoka darasani akaingia kazini kwa miguu. Wafanyakazi wa karakana za namna hiyo huvaa nguo zinazowafunika toka kichwani hata miguuni, kama masista wetu wa zamani, kwa sababu chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko mistari iliyochorwa juu ya chipu, nayo yatosha kuiharibu.

Je, twaweza kuwa nayo Kisangani kesho? Hapana. Kazi hiyo yataka umeme usiokatika na maji safi kabisa. Mto Tshopo watupa umeme, lakini kila nyumba yajua jinsi taa zinavyozimika. Na ni nani atakayelitengeneza hilo, kama hatuna watu wa fizikia?

Baba yule hakuniahidi neno. Alikung'uta suruali, akanishukuru, akaenda zake. Siku ya Jumatano jioni nikamwona kijana wake amesimama uani kwangu, ameshika daftari. Baba amemtuma aulize ni lini Kitivo cha Sayansi kitaanza kuandika majina, na kama mwalimu anacho kitabu cha hesabu cha kumwazima.