Vyuma vya Meno: Je, Kuna Njia ya Mkato?

Leo nazungumzia meno. Shoga yangu wa Barking ana binti wa miaka 14 mwenye vyuma mdomoni, na Desemba kuna harusi ya familia Mombasa. Binti anataka vyuma vitoke kabla ya picha. Mama ameona mtandaoni kifaa cha kutetemesha meno, bei yake mamia ya pauni, na ameniuliza: anunue?

Tuanze na kazi yenyewe. Jino limeshikiliwa na nyuzi laini ndani ya mfupa wa taya. Waya unapolisukuma, mfupa wa upande mmoja huliwa polepole na chembe hai za mwili, na upande wa pili mfupa mpya hujengwa. Jino husogea kama milimita 1 kwa mwezi. Ndiyo maana matibabu mengi huchukua miezi 18 hadi 24. Kukaza waya kupita kiasi hakusaidii, kwani kunaweza kudhuru mzizi.

Kifaa cha kutetemesha kimejaribiwa hapahapa Uingereza. Mwaka 2015 watafiti wa King's College London na wenzao walichapisha matokeo ya vijana 81. Wengine walipewa kifaa halisi cha kutumia dakika 20 kila siku, wengine kifaa bandia kisichotetemeka, wengine vyuma peke yake. Meno ya makundi yote matatu yalinyooka kwa kasi ileile. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023 nayo hayakuona faida ya mtetemo wala ya kumulika ufizi kwa mwanga maalumu.

Ipo pia njia ya kutoboa vitundu vidogo kwenye mfupa. Jeraha linapopona, mfupa hulegea na jino huweza kusogea upesi, lakini kwa muda mfupi tu. Huo ni upasuaji, si jambo la kufanyiwa mtoto kwa ajili ya picha.

Jibu langu basi: asinunue. Kinachookoa muda hakina gharama. Asikose miadi. Avae mipira midogo kama alivyoagizwa. Apige mswaki vizuri. Asivunje vyuma, maana kila kimoja kinachong'oka hurudisha kazi nyuma. Wageni wa harusini watamkaribisha kashata, muwa na mahindi ya kuchoma, avikwepe vyote. Na kabla ya kukata tiketi, mama azungumze na daktari kuhusu tarehe za miadi.

Wazazi wengine mkumbuke: hapa England, NHS hugharamia vyuma kwa walio chini ya miaka 18 wakiwa na uhitaji wa kitiba. Meno hupimwa kwa ngazi 1 hadi 5. Ngazi ya 4 na 5 hukubaliwa, na baadhi ya ngazi ya 3. Mwanya mdogo, ambao kwetu ni urembo, kwa kawaida haufiki huko, na si lazima uzibwe!

Wanafunzi mnaovutiwa na trei za plastiki za kuagiza kwa posta, kumbukeni SmileDirectClub ilivyofungwa Desemba 2023 na kuwaacha wateja katikati ya matibabu. Mtafuteni daktari atakayewatazama mdomoni.

Vyuma vikitolewa mapema, meno hurudi yalikotoka. Heri binti acheke navyo harusini. Hadi toleo lijalo, kwaherini.